Kovu la Upande Usio Wake

Ukiona kwenye filamu mtu amekatwa panga, kaanguka, kainua kichwa, katoa hotuba ya dakika tatu, ndipo kakata roho, usimlaumu aliyetengeneza damu. Hotuba si kazi yake. Kazi yake ni damu tu, na damu ya mwanamke huyu haikuwa na mpinzani: sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, na kijiko cha kakao ili isifanane na soda. Ilikuwa tamu kiasi kwamba marehemu mmoja alijilamba midomo huku kamera ikimtazama. Hakuna aliyegundua mpaka filamu ilipokwisha kutoka, na hadi leo inaonyeshwa hivyo hivyo, na maiti wake anayefaidi utamu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikolala. Kazini walimwita Mama Vidonda. Alikuwa na miaka arobaini na saba, macho makali, vidole vyepesi na mdomo usio na breki. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya rangi za ukutani. Kilikuwa na kioo kikubwa chenye taa nane pembeni, tatu zikiwaka, na kiti cha kinyozi ambacho kikishapandishwa juu hakikubali kushuka. Kwenye rafu alipanga vikopo na kila kimoja kina karatasi yake: "Michubuko", "Damu mbichi", "Damu ya jana", "Usaha", "Usaha sugu". Chai yake aliiweka kwenye rafu hiyo hiyo. Ndiyo maana wageni wake wote walikuwa wametoka kunywa chai sasa hivi, wameshiba, asante sana.

Ng'ambo ya korido alikaa mdogo wake na cherehani. Yeye ndiye aliyeshona nguo za filamu: kanzu za matajiri, magwanda ya majambazi, gauni la harusi ambalo limeshaolewa mara kumi na moja. Huyu aliitwa Kiherehere, na hapo ndipo kila mgeni alipopotea. Kiherehere ni mtu wa kukimbilia yasiyomhusu, wa kushika asichoambiwa ashike. Sasa huyu mama wa miaka arobaini na miwili aliomba ruhusa hata ya kufungua dirisha la chumba chake mwenyewe. Ukimpa kikombe alikishika kwa mikono miwili mpaka ukichukue. Joto likiwa kali watu wanajipepea kwa karatasi, yeye mtandio wake umekaa shingoni vilevile, umezungushwa na kufungwa kwa pini. Na nyumbani hakukaribia jiko. Aliyepika ni mumewe, mtu mpole anayejua kukaanga vitunguu kuliko wengi wetu, na majirani walishakubaliana kwamba mume yule amewekewa kitu. Mama Vidonda mwenyewe alishamtania mara nyingi: "Wewe umeolewa au umeajiri?"

Jina lile lilitoka nyumbani. Mama yao aliwahi kupiga simu ofisini, sauti juu kama kawaida yake, akasema, "Nipeni Kiherehere wangu," na simu ilikuwa kwenye spika. Basi, likashika. Kila mtu alilitumia isipokuwa mmoja. Mama Vidonda, ambaye alimpachika kila mtu jina, kuanzia mlinzi mpaka mwenye kampuni, alimwita tu "mdogo wangu". Watu wakasema, angalia upendo wa ndugu hao. Ulikuwa upendo, sikatai, lakini ndani yake mlikuwa na kitu kingine, na afadhali nikiseme mapema, kwa sababu yeye alichukua miaka thelathini na sita.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wake sita, mama yao alienda dukani kununua sabuni akaacha sufuria ya maji ya kuoga kwenye jiko la mkaa. Akamwambia mkubwa, "Angalia maji." Mkubwa aliyaangalia kwa muda wa kutosha, yaani mpaka mama alipopinda kona. Kisha akajifunga shuka mabegani, akachukua mwiko, akawa shujaa. Jana yake alikuwa amechungulia filamu dirishani kwa jirani, na shujaa alikufa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua huku ameshika kifua. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsuka mdoli nywele, hana habari. Shujaa akarudi hatua moja, ya pili, na ya tatu ikakuta jiko.

Mama aliporudi alikuta kelele, akauliza, "Imekuwaje?" Na mtoto mkubwa, mwiko ungali mkononi, akajibu, "Ameivuta mwenyewe." Ni maneno mawili tu hayo. Mdogo alikaa hospitali muda mrefu, na aliporudi alikuta maneno yale yameshakuwa habari kamili, wajomba na mashangazi wanayo, majirani wanayo, na jina lake jipya linamsubiri mlangoni. Aliambiwa mara nyingi jinsi alivyoivuta sufuria hata akaanza kukumbuka akiivuta.

Mara ngapi Mama Vidonda alitaka kusema? Alitaka siku mdogo wake alipomaliza shule. Alitaka siku ya harusi, lakini utasemaje jambo kama hilo siku ya harusi. Alitaka kila mama yao alipoita "Kiherehere!" Badala yake alimtafutia kazi, akamtafutia cherehani nzuri, akamnunulia mitandio. Kabati la mdogo wake lilijaa mitandio.

Mwaka huo kampuni ikaanza filamu ya kulia. Hadithi yake ni nyumba moja mlimani ambamo watu walioumizwa na maisha wanakutana: askari aliyepoteza mguu, mlevi aliyemgonga mtoto wake kwa gari, na msichana aliyeungua utotoni ambaye hajawahi kujiangalia kwenye kioo. Wanakaa, wanachukiana, wanapika pamoja, wanasameheana. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye simu mbili na msemo mmoja. Msemo wenyewe ulikuwa, "Bado sijaamini."

Kazi ya Mama Vidonda aliikataa mara tatu. Mwigizaji mkuu, dada mrembo waliyemwita Staa hata kabla hajawa, alikaa kwenye kile kiti cha kinyozi, miguu ikining'inia, akatengenezewa kovu la kuungua shingoni. La kwanza mwongozaji aliinama, akaliangalia, akasema bado hajaamini. La pili akasema linafanana na ugonjwa wa ngozi. La tatu alitikisa kichwa tu huku anajibu ujumbe kwenye simu ya kushoto.

"Kijana huyu," Mama Vidonda alimwambia Staa mlango ulipofungwa, "nikimkata kidole kweli kweli atasema bado hajaamini."

"Mama, mimi shingo inaniwasha."

"Vumilia. Sanaa hiyo."

Alimfuta taratibu kwa pamba. Akasimama nyuma ya kiti, akamtazama kwenye kioo, na mikono yake ikajua cha kufanya kabla yeye hajaikubalia. Alichukua gundi, karatasi laini, unga kidogo, rangi ya "Michubuko". Akaanzia nyuma ya sikio, akashuka na shingo, akaacha mkunjo pale ngozi inapovutana mtu akigeuka, akapanua karibu na mfupa wa bega. Hakutazama picha yoyote. Alipomaliza, Staa aliacha kulalamika akabaki anajitazama. Mwongozaji alikuja, akaziweka simu zote mbili mfukoni. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Hili umelitoa wapi?" akauliza.

"Kichwani."

"Naamini," akasema kijana, na wote chumbani wakapumua.

Mama Vidonda hakupumua. Alikuwa ameiba kovu la ndugu yake bila kumwomba, na nguo za Staa zinashonwa ng'ambo ya korido.

Siku nne alizunguka kama mwenye mzigo wa magendo. Gauni likitaka kujaribiwa, alilipeleka mwenyewe. "Mdogo wangu, wewe pumzika, nipe nitamvalisha." Vipimo alichukua yeye, na kwa kuwa hajui kupima, gauni la kwanza lilimfika Staa magotini, la pili likaburuta sakafuni. Kiherehere alilitazama lile la pili likirudi na tope, akauliza kwa upole wake, "Dada, huyo mtu ana urefu gani hasa?" Dada akasema anabadilikabadilika.

Siku ya tano zipu ya gauni la Staa ilipasuka ikiwa mwilini, kamera zimewashwa, askari wa mguu mmoja ameshalia na machozi yake yanakauka. Mwongozaji akapiga kelele aletwe fundi haraka. Mama Vidonda alikuwa na mikono miwili ndani ya bakuli la usaha sugu. Mpaka anaikung'uta, mdogo wake ameshaingia, pini zimepangwa mdomoni, anainama nyuma ya Staa.

Kiherehere alishona zipu. Alishona vizuri, bila haraka. Kisha akazunguka mbele kunyoosha kola, na hapo akalikuta kovu. Mikono yake ikasimama juu ya kola. Alilitazama kwa muda ambao mtu mwingine angesoma barua. Halafu akanyoosha kola, akatoa pini mdomoni moja moja akizichoma kwenye kifundo cha kitambaa cha kuchomekea pini alichoshika mkononi, akatoka. Mama Vidonda alimkuta kwenye chumba cha vikopo, amekaa kwenye kiti cha kinyozi.

"Lile kovu ni langu," mdogo akasema.

"Mdogo wangu, nisikilize, ningekuomba, ila..."

"Sijakasirika. Nilishangaa tu. Nimelijua kabla sijalitambua. Hata ule mkunjo umeuweka." Akagusa mtandio wake. "Ila dada, umeliweka upande siyo."

"Upande siyo vipi?"

"Langu liko kushoto. Yule umemwekea kulia."

Mama Vidonda alitaka kubisha. Kubisha kulikuwa kazi yake ya pili. Alifungua mdomo, akautafuta ushahidi kichwani, akakuta mtandio. Mtandio wa bluu, wa kijani, wa maua, wote amenunua yeye, na chini yake hakuna anachokiona kwa hakika.

"Kioo," akasema hatimaye. "Nilikuwa namtazama kwenye kioo, unajua kioo kinageuza mambo..."

"Miaka thelathini na sita, dada. Pini yangu nafunga bega la kushoto kila siku mbele yako. Usimsingizie kioo." Na Kiherehere akacheka, kicheko kidogo kisicho na ubaya. Akaongeza, kama mtu anayetaka kumpunguzia mwenzake aibu, "Haya, usijali. Ni mimi na kiherehere changu. Nisingeivuta ile sufuria, leo ungekosa kovu la kuiga."

Angesema kitu kingine chochote, pengine siri ingefika miaka thelathini na saba. Angetukana, dada yake angejua pa kujificha. Lakini alijilaumu, tena kwa kucheka, tena ili amfariji yeye, na hilo Mama Vidonda hakuliweza.

"Hukuivuta," akasema.

"Nini?"

"Sufuria. Hukuivuta wewe. Nilikuwa nacheza filamu. Nilikuwa nakufa, narudi nyuma, nikaligonga jiko kwa kisigino. Wewe ulikuwa umekaa na mdoli wako, hata hukugeuka. Mama alivyouliza nikasema umeivuta mwenyewe." Akaegemea rafu ya vikopo. "Niliogopa kipigo. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta yenye heshima zaidi nimeikosa."

Mdogo wake hakulia. Alitazama mikono yake, huku na huku, kama imeletwa na mtu muda si mrefu na hajui aiweke wapi.

"Mimi siwashi jiko," akasema polepole. "Mnasema nimemweka mume wangu kiganjani. Wewe mwenyewe unasema. Siwashi jiko kwa sababu ya hii mikono. Mwanangu wa kwanza sikumwogesha mpaka alipojua kusimama. Nilimwita jirani. Nilisema mgongo unaniuma." Akashuka kwenye kiti, na kwa kuwa kile kiti hakishuki, ilimbidi aruke kidogo, na hata huko kuruka kulimuuma dada yake. "Mtu akinipa kikombe naogopa. Kikombe, dada."

Akatoka. Kifundo cha pini akakisahau kwenye rafu, kati ya "Damu ya jana" na "Usaha".

Yakafuata siku tisa. Nguo zilikuja mikononi mwa fundi umeme. Mlango wa ng'ambo ya korido ulikuwa wazi, cherehani inalia, na Mama Vidonda kila akipita alikohoa. Alikohoa kwa namna zote anazozijua. Cherehani haikupunguza mwendo. Alipeleka chai, ikarudi ilivyo. Alipeleka mtandio mpya, na huo ulirudi umekunjwa vizuri zaidi ya alivyoukunja, na hapo akaelewa kwamba hali ni mbaya.

Katikati ya siku hizo ndipo wakapiga picha tukio la msamaha. Sasa hebu fikiria. Mlevi anapiga magoti mbele ya mwanawe, mvua inanyesha kutoka kwenye mpira wa maji ulioshikwa na fundi umeme juu ya ngazi, mtoto anasema, "Nimekusamehe, baba," wanakumbatiana. Kwenye karatasi ilichukua dakika nne. Kazini ilichukua asubuhi nzima pamoja na mapumziko ya chai, maana mara mvua ilikatika, mara baba alichafuka, mara mtoto alisamehe kabla hajaombwa. Mara ya saba kila kitu kilikwenda sawa, machozi, mvua, kumbatio, mpaka mwongozaji akapiga kelele, "Kata! Nani huyo analia?" Watu wote wakageuka. Alikuwa Mama Vidonda, nyuma ya taa, na bakuli lake la damu kifuani.

"Mama, umetuharibia sauti!"

"Samahani mwanangu. Endeleeni."

"Si wewe uliyesema hadithi hii ni ya kitoto?"

"Ni ya kitoto," akasema huku anapangusa pua. "Anamsamehe haraka mno. Bado sijaamini."

Watu walicheka, naye akacheka nao, ila hakuwa anatania. Alikuwa amegundua kwamba kwa miaka yote alimngoja mdogo wake alie, amkumbatie, aseme lile neno, na mambo yaishe kabla ya chai. Hakuwahi kujiuliza mdogo wake angengoja nini. Siku hiyo hiyo alimwendea mwongozaji, akamwambia kovu la Staa liko upande siyo. Kijana akamtazama kwa huruma. "Mama, ni kovu la kutunga. Litakuwaje upande siyo?" Na kweli, walishapiga picha siku nyingi mno, likabaki kulia. Ukiiona filamu hiyo usimweleze mtu.

Siku ya kumi asubuhi mlango wa stoo ulifunguliwa bila kubishwa. Kiherehere aliingia, akafunga, akapanda kwenye kiti cha kinyozi. Hakusalimia. Akafungua pini ya bega la kushoto, akauzungusha mtandio mara moja, mara ya pili, akauvua, akauweka mapajani. Mama Vidonda, kwa mazoea ya kazi, alikwenda kusimama nyuma ya kiti akainua macho kwenye kioo.

"Huko siko," mdogo akasema. "Njoo mbele. Niangalie mimi."

Akaja mbele. Akaangalia. Mwanzo macho yalitaka kuteleza kwenda kwenye rafu, kwenye taa, kwenye kifundo cha pini ambacho kilikuwa bado palepale. Akayarudisha. Lilikuwa kushoto, naam. Lilianzia chini ya sikio, si nyuma yake. Lilishuka na shingo na kuishia juu ya mfupa wa bega, halikuufikia. Mkunjo aliupatia. Lakini lililobaki lote alikosea, maana lilikuwa dogo. Lilikuwa nusu ya lile alilomwekea Staa, limeshafifia, ngozi laini na yenye kung'aa kidogo, kitu ambacho mtu angeweza kukaa nacho mezani siku nzima akakisahau.

"Kumbe ni dogo," akasema, akaanza kulia.

"Ni dogo. Ungeuliza ningekuambia."

"Nilidhani... Miaka yote hii nilidhani limekula shingo nzima."

"Hukudhani. Ulikataa kuangalia." Mdogo wake alimwacha alie, hakumpa kitambaa, na mtandio ulikuwa pale mapajani. Alisubiri. Kisha akasema, "Mimi maji yale nilishayasamehe zamani, nilikuwa najisamehe mwenyewe bila kosa. Yale maneno ndiyo sijui. Labda nitayasamehe, labda yatachukua muda, usinihesabie siku. Lakini jina lile silitaki tena. Jumapili tunakwenda kwa mama, na utasema wewe. Mimi nitakaa."

"Mama ana miaka themanini. Moyo wake..."

"Moyo wa mama ni mzima kuliko wako. Usimsingizie mama pia."

Akashuka kwa kuruka, akachukua kifundo chake cha pini, akatoka. Mtandio ulibaki kwenye kiti. Mama Vidonda aliukunja, akafungua mlango kumwita, akamwona anakatiza korido shingo wazi, mlinzi amempisha, fundi umeme amempisha, hakuna aliyeanguka wala kupiga kelele. Akaufunga mlango tena taratibu.

Jumapili wakaenda. Mama yao alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha mkono mmoja, ule mwingine ulivunjika siku nyingi na hataki utengenezwe kwa sababu alishauzoea ulivyo. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa: kabati la vyombo visivyotumika, saa mbili zisizokubaliana, redio iliyofunikwa kitambaa. Mdogo alikaa kwenye kochi, shingo wazi, mikono mapajani. Mama alimtazama mara mbili lakini hakuuliza. Mkubwa alibaki amesimama katikati ya chumba, na yule mwanamke mwenye mdomo usio na breki alishindwa hata kuuwasha.

"Mbona umesimama kama mdai?" mama akasema. "Kaa au sema."

Akasema. Alisema yote, shuka, mwiko, shujaa, hatua tatu, na yale maneno mawili. Safari hii hakutafuta pa kujificha, hakusema nilikuwa mtoto, ingawa alikuwa mtoto kweli. Alipomaliza, mojawapo ya zile saa mbili ikapiga saa kumi. Ile nyingine haikukubali.

Mama akageukia kochi. Alipoongea hakuongea na aliyesimama.

"Na wewe ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimekaa, mama. Namsuka mdoli."

"Hukushika kitu?"

"Sikushika kitu."

Bibi kizee akaukunja upindo wa nguo yake, akaukunjua, akaukunja tena. "Nilikupiga," akasema. "Uliporudi kutoka hospitali, ulipopona. Nilikupiga ili usirudie."

"Nakumbuka, mama."

"Nilimpiga asiyehusika." Alisema hivyo mara mbili, macho yamelowa, na hakuyapangusa. Mama Vidonda alitamani sana apigwe. Angelipokea kofi lile kwa shukrani, angalau lingekuwa limefika kwake hata kama limechelewa. Lakini mama hakuinuka. Aliunyoosha mkono kwenye kochi, akaushika mkono wa bintiye mdogo, akaugeuza kiganja juu, akaushikilia. Mdogo aliuacha ushikwe. Ule wa pili aliuweka juu ya mkono wa mama, yeye mwenyewe, bila kuambiwa.

Wakakaa hivyo. Mkubwa hakujua aondoke au abaki, na hakuna aliyemsaidia kuamua. Mwisho mama akapiga chafya, akavuta pumzi, akarudia sauti yake ya simu.

"Kiherehere!" akaita. "Kaniwekee maji ya chai jikoni."

Mdogo, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, alishaanza kunyanyuka. Kisha akakumbuka. Akakaa tena, akaegemea kochi, akamtazama dada yake, na pembeni mwa mdomo wake kukawa na kitu ambacho hakikuwa tabasamu bado.

"Abee, mama," Mama Vidonda akaitika, akaelekea jikoni.

Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akafika mlangoni.

"Na safari hii," akasema, "uyaangalie."